Saa Moja ya Kumtoa Mtu Shimoni

Kompyuta ya kwanza niliyoigusa maishani ililetwa Bariadi na tajiri wa pamba, miaka ile soko lilipofunguliwa na kila mwenye lori akawa mnunuzi. Kabla ya hapo pamba ilikuwa ya ushirika tu, na stakabadhi ziliandikwa kwa kalamu na karatasi ya kaboni. Tajiri wetu alitaka aonekane wa kisasa. Akaniajiri mimi, niliyekuwa nimetoka kusomea kupiga chapa Mwanza, akaniweka kwenye chumba chenye feni mbovu na kunionya nisimruhusu mtu yeyote kuisogelea mashine yake. Nikamruhusu mmoja.

Huyo alikuwa karani wa mizani, kijana wa Kasoli, mrefu, mpole mpaka anaudhi. Wakulima walimpenda kwa sababu hakuwapunja kilo. Mimi nilimpenda kwa sababu hiyo na nyingine ambazo sitazitaja, maana nina wajukuu sasa.

Fundi aliyekuja kuifunga ile kompyuta alituachia mchezo ndani yake. Kulikuwa na mtu wa shati jekundu, amefungiwa shimoni chini kabisa ya ngome. Kazi yake ilikuwa kupanda juu, apite milango na mashimo yenye mikuki, mpaka atokee nje kwenye jua. Alipewa saa moja tu. Dakika zilikuwa zinapungua pale chini ya kioo, na zikiisha kabla hajatoka, amekufa, mnaanza upya. Hakuna cha kubembeleza. Na sisi tulikuwa na saa moja hiyohiyo, ya chakula cha mchana, saa saba mpaka saa nane, tajiri akiwa ameshakwenda kuswali na kula kwake.

Siku za mwanzo kila mmoja alicheza peke yake, tukafa kama kuku wa mdondo. Vidole vyetu havikuwa na akili ya kukimbia na kuruka kwa pamoja. Ndipo tukagawana. Mimi nikashika vitufe vya mishale, vya kumkimbiza, yeye akashika kile cha kurukia. Tulikaa benchi moja, bega kwa bega, tukitafuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga kwa mkono uliobaki. Alinukia pamba na sabuni ya mche. Mlinzi wetu, mzee aliyekuwa akituchungulia dirishani, kila siku aliuliza kama mtu wetu ametoka, akiambiwa bado anasema kwa mwendo huo na sisi wenyewe tutazeekea humo ndani. Karani alikuwa anaona haya. Mimi nilikuwa namwambia mzee akalinde marobota ya pamba.

Wiki ya nne tukafika lango la mwisho na dakika tisa mkononi. Limebaki shimo moja, kisha lango, basi. Karani akaacha kutafuna. Na mimi pale, vidole juu ya vitufe, wazo likanijia: tukishamtoa huyu mtu, kesho karani atafuata nini huku ndani? Mizani yake iko nje chini ya turubai. Hajawahi kuniambia neno lolote la maana, na mimi, mwenye mdomo wa kumjibu hata tajiri, kwa jambo hilo nilikuwa bubu. Msichana wa kwetu haanzi yeye kusema. Basi nikamkimbiza yule mtu hatua moja kupita ukingo, akaangukia mikuki.

"Samahani," karani akasema. "Nimechelewa kuruka."

Nikamwambia hakuna neno, kesho ipo. Na kesho akaja, na keshokutwa akaja. Mwezi mzima nilimwangusha yule mtu. Siku nyingine mapema, siku nyingine palepale langoni, ili karani asishtuke. Kila mara aliomba radhi yeye. Ilifika mahali wakulima wakanichekea, wakasema karani wao siku hizi, akisubiri gunia lingine lipandishwe kwenye mizani, anagongagonga meza kwa kidole kimoja, sijui ana ugonjwa gani. Nilijua ugonjwa wake. Alikuwa anafanya mazoezi ya kuruka. Nililala usingizi mtamu siku hiyo, mpumbavu mimi.

Nilikuwa na mpango wangu. Siku ya kufunga msimu nitamwacha yule mtu atoke. Karani atafurahi, na kwenye furaha huenda mdomo wake utafunguka. Lakini mwaka ule akaja mnunuzi mwingine na bei ya juu, wakulima wakageuza mikokoteni, na tajiri wetu kwa hasira akafunga kituo kabla ya wakati. Nilifika asubuhi moja nikakuta meza tupu, kompyuta imesharudi Mwanza. Nje walikuwa wanapakia mizani kwenye lori la Mwandoya, ambako pamba ilikuwa bado ipo, na karani alikuwa anakwenda nayo. Alinishika mkono muda mrefu mpaka dereva akapiga honi. "Tulikaribia," akasema, akapanda.

Nilisubiri barua. Mwaka uliofuata nikasikia ameoa hukohuko. Na mimi nikaolewa Maswa, na mtu mwema, sina la kumlaumu.

Miaka kumi na miwili sikuzungumza naye. Halafu siku moja Nyalikungu, mjini kwetu Maswa, kwenye foleni ya dawa hospitalini, nikasikia mtu nyuma yangu ananisalimia kwa sauti ileile ya upole. Alikuwa na binti yake, anaumwa kifua. Tulichekana mvi. Tukamtaja tajiri, tukamtaja yule mzee mlinzi, na kama ilivyo lazima tukafika kwenye ule mchezo.

"Unajua nilijiwekea nadhiri?" akaniambia. "Siku tutakayomtoa yule mtu, ningekuambia nawaleta wazee wangu kwenu. Sasa kila siku mimi nachelewa kuruka. Nikasema basi, Mungu hajapenda."

Aliyasema akicheka, kama mambo yaliyokwisha. Ningenyamaza. Mwenye akili angenyamaza, akamtakia mtoto afueni, akaenda zake kupika. Lakini nilimtazama yule mtu mzima, aliyebeba kosa langu miaka yote hiyo akidhani ni lake, na roho ikaniuma mno.

"Hukuchelewa hata siku moja," nikasema. "Nilikuwa namwangusha mimi."

Akauliza kwa nini.

"Ili kesho uje tena."

Alishika chupa ya dawa ya mtoto, akaifungua kifuniko, akakifunga, akakifungua tena. Nilitaka anitukane. Binti yake akamvuta shati, akasema gari la Mwandoya limeshajaa, litawaacha. Akanipa mkono bila kunitazama, akasema nimsalimie mama.

Mama yangu alikuwa amefariki, mwaka wa pili ule. Karani mwenyewe alikuja kumzika. Hatukuongea siku ile, lakini nilimwona ameshika koleo na wanaume wenzake, anafukia. Nikamjibu salamu zitafika.