Nilikitia kicheko cha mama kwa code, naye akakisikia mbele ya ukumbi

Wakuu, salamu kutoka Manga, ambako mvua ya saa nane haijawahi kukosa kazi.

Hii imenitokea mimi mwenyewe na sijatia chumvi. Wale wa kuomba picha, hakuna.

Kwanza mjue ninachofanya. Nakusanya clip zile zinatrend mtandaoni: msee ameteleza kwa matope akisalimia kamera, mhubiri amepiga chafya katikati ya mahubiri. Nazikatakata vipande. Halafu nasimama mbele ya watu na laptop, naandika code, na ile code ndiyo inapiga vile vipande kama muziki na kurusha picha zake ukutani. Kila herufi naandika, watu wanaiona. Nikikosea, wanaona pia.

Sasa, mama.

Mama anauza ndizi soko la Daraja Mbili na ni mwalimu wa kwaya kanisani kwetu. Mwaka jana mbuzi alikula nusu ya kofia ya mteja, mama akacheka mpaka akakalia mkungu. Kuna mtu alikuwa anarekodi. Clip ikasambaa, ikawa sticker. Mpaka leo ukiandika ujinga kwa group yoyote huku kwetu, unajibiwa na mama yangu.

Nyinyi mlicheka. Hata mimi. Lakini tangu siku hiyo yeye akianza kucheka anavuta leso anafunika mdomo, hata nyumbani, hata tukiwa wawili tu.

Nimelelewa na hicho kicheko, wakuu. Kilikuwa kinanifikia nikiwa bado shambani kwa majani chai, najua mama amerudi sokoni. Kikaisha hivyo tu, na kiliniuma.

Kwa hivyo nilipopata nafasi ya kuperform Jumapili mchana kwa ukumbi mmoja Kisii mjini, nikakiweka katikati ya show. Sikumuuliza. Najua, msinitukane bado. Nilikuwa nimekimiss, na nilikuwa na hakika hatakuja.

Dada yangu akamleta.

Nimeshashika kasi, ukuta umejaa uso wa mama mara kumi na sita, kicheko kinaingia na kutoka juu ya ngoma. Nikainua macho. Yuko safu ya pili, leso iko mdomoni.

Nikaufuta ule mstari wenye jina lake, herufi moja moja, ukumbi mzima ukiangalia. Kicheko kikanyamaza, picha zikapotea, ikabaki ngoma peke yake.

Nikasikia ile sauti yake ya mazoezi ya kwaya.

"Momura, mwanangu, mbona umenitoa?"

"Pole mama. Nilidhani umekasirika."

"Nimekasirika. Unaniingiza nikiwa nimechelewa, ngoma imeshapita. Hivyo ndivyo nilikufundisha?"

Watu walivunjika mbavu. Nikaurudisha mstari. Akainua mkono vile huinua akiita sauti ya tatu, akaushusha, nami nikawa nabadilisha namba kwa code nikiufuata. Mara ya tatu kicheko kikakaa pale pale. Akaitikia kwa kichwa. Leso ilikuwa imeangukia mapajani na hakuiokota. Nilimalizia ile show macho yakiwa na maji, sioni hata herufi.

Tukirudi nyumbani nikamwomba msamaha vizuri. Akaniambia, "Kicheko changu sikionei aibu. Watu walikichukua na hakuna aliyeniuliza. Na wewe, ambaye tunalala boma moja, ukafanya kama wao."

Hilo lilinichoma kuliko yote.

Kwa hivyo mnaosample watu kama mimi, uliza kwanza. Hata kama ni mama yako. Hasa kama ni mama yako.

Kuna mwingine hapa ambaye mzazi wake amegeuzwa sticker? Mlimalizanaje? Semeni hapo chini, nasoma zote.

Na kabla hamjaniuliza: huu uzi nimemsomea jikoni sasa hivi, kabla ya kuuposti. Amekubali, ila niwaambie mbuzi hakuwa wetu. Kufika hapo kwa kofia amecheka mpaka jirani ameuliza kuna nini. Leso ilikuwa nje, imeanikwa.