Lenzi Ndefu Nyumbani kwa Bibi Kokugonza

Kila nikumbukapo siku niliyonunua kamera yangu ya kwanza, mwanangu, kwanza naona aibu, halafu naona fahari, na toka siku hiyo hadi fahari hiyo zilipita siku tatu tu. Umenitumia picha za kamera tatu za DSLR, zile za kubadilisha lenzi, zote zimeshatumika, ukaniuliza, "Shangazi, nichukue ipi ya kusafiri nayo?" Nitakujibu. Lakini tulia kwanza unisikilize, maana kosa nitakalokusimulia nalijua lilivyo tamu wakati wa kulifanya.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nafundisha shule ya msingi hapa Buhembe, na nilikuwa nimejibana miaka miwili mizima kwa ajili ya kamera. Kamera za filamu zilikuwa zinaondoka na za dijitali ndiyo kwanza zinaingia. Watu wenye DSLR mjini Bukoba walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, na sisi tuliwaona uwanja wa Kaitaba siku za mpira, wamepiga goti kando ya goli wameshika lenzi ndefu kama mchi. Wenzangu wakishangilia mabao, mimi nilikuwa nimekodolea macho hizo lenzi. Nilijiambia kwamba mpiga picha wa kweli ndiye yule.

Basi nikaenda kwa Mzee Seif. Huyu alikuwa na studio mjini, mtu wa asili ya pwani ambaye baba yake alihamia Bukoba zamani sana. Akaniwekea kwenye kaunta kamera moja iliyotumika, plastiki yake imechubuka pembeni, na kando yake lenzi tatu. Mbili zilikuwa ndogo: moja ya kumi na nane kwa hamsini na tano, ambayo inaona kwa upana hata ukiwa karibu, na nyingine fupi ya milimita hamsini, nyepesi kama kikombe cha plastiki. Ya tatu ilikuwa ndefu, ya sabini na tano kwa mia tatu, ya kuvuta vitu vya mbali. Fedha yangu ilitosha kamera na zile ndogo mbili, au kamera na ile ndefu peke yake.

"Binti, unataka kupiga nini?" Mzee Seif akaniuliza.

"Nitasafiri, Mzee. Nitazunguka Rubafu, Muleba, kote, nipige watu na nyumba zao."

"Basi chukua hizi ndogo. Ndani ya nyumba za watu hakuna jua, na ukifika ukutani huna pa kurudi nyuma."

Nikamwambia, na pua yangu iko juu, "Mzee Seif, hizo si za kuchezea watoto?"

Mtu mwingine angenifukuza dukani. Yeye alitabasamu tu, akaifunga ile ndefu kwenye kamera, akaniongezea na mfuko wa nailoni wa kuifunikia mvua ikinyesha. Nikatoka nikiwa nimevimba kichwa.

Watani wetu husema sisi Wahaya tunajisikia. Sitabisha leo, maana siku ile ningekuwa shahidi wao wa kwanza. Sikupanda pikipiki, nilirudi Buhembe kwa miguu, tena kwa njia ndefu inayopita sokoni, kamera shingoni na lenzi imetangulia mbele. Wanafunzi wangu wakanifuata wakiita, "Mwalimu wa televisheni!" Nikajifanya sisikii, na huku moyoni natamani wapaze sauti zaidi.

Sasa, baba yangu alikuwa na shangazi yake, Bibi Kokugonza, aliyeishi kijiji kimoja jirani na Rubya, kule Muleba. Nyumba yake ilikuwa msonge, ile nyumba yetu ya mviringo iliyoezekwa nyasi toka kileleni hadi chini, na ndio uliokuwa wa mwisho kijijini hapo. Wanawe walikuwa wamemjengea nyumba ya matofali na bati, na Jumamosi ya wiki ile walipanga kuuangusha msonge. Bibi hakubishana nao. Aliomba jambo moja tu, apigwe picha ameketi ndani ya nyumba yake, mahali pake karibu na moto, ili aitundike kule anakohamia. Alikuwa amezaa watoto saba ndani ya msonge ule. Baba akaniambia niende mimi kwa kuwa nina kamera, nami nikamjibu kwamba hiyo ni kazi ndogo sana.

Shule zilikuwa zimefungwa. Jumatano, siku moja baada ya kununua kamera, nikapanda basi hadi Muleba na kutoka pale nikachukua pikipiki. Njiani nilikuwa nimeshajitungia picha nzuri kichwani, Bibi anatokea mlangoni bila kujua kama nipo, kama wanavyowapiga wachezaji. Kwa hiyo nilipofika sikubisha hodi. Niliingia katikati ya migomba ya kibanja chake, shamba linaloizunguka nyumba, nikainua lenzi, nikalenga mlango.

Niliona jani la mgomba. Nikasogea, nikaona nusu ya nguzo. Nikataka kurudi nyuma ili nyumba yote ienee, mgongo ukagonga mgomba mwingine. Baada ya kuhangaika sana nilifanikiwa kulipata sikio la Bibi kupitia mlangoni, sikio moja, safi kabisa. Hapo nikasikia sauti kutoka ndani.

"Ni nani huyo anayenichungulia kwenye migomba yangu?"

"Ni mimi, Bibi. Mjukuu wako, mwalimu wa Buhembe."

"Mjukuu wangu ana miguu. Angeingia."

Nikavua viatu, nikaingia, nikapiga magoti kumwamkia. Akanisogezea kikapu kidogo chenye akamwani, zile buni zetu zilizochemshwa na kukaushwa, ambazo mgeni hutafuna huku akitoa habari za alikotoka. Wewe umekua mjini, lakini hata wewe unajua kwamba akamwani huli umesimama. Unaketi, unatafuna taratibu, unaulizwa habari za baba, za mama, za migomba, mpaka mwenyeji aridhike kwamba umefika. Mimi nilichukua moja, nikaitupa mdomoni, nikainuka nikaanza kuzungusha vitufe vya kamera.

Ndani mlikuwa na giza. Mwanga ulikuwa wa mlangoni na wa makaa tu. Nikiwa karibu lenzi inakataa kabisa kuona sawasawa, nikirudi hadi ukutani uso wa Bibi unajaa kote na moto hauonekani, wala nguzo, wala nyumba. Na kwa kuwa lenzi ile inapokea mwanga kidogo, kamera ilikawia kufunga jicho lake na mikono yangu ikatikisika. Nikawasha flashi. Ikauangaza moshi wote, Bibi akatokea kama amemwagiwa unga, na akasema macho yanamuuma, nisirudie tena. Nikapiga nyingine arobaini hivi bila flashi, nikachagua iliyo afadhali, nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera.

Akaitazama. "Huyu ni nani?"

"Ni wewe, Bibi."

"Mimi sitetemeki," akasema.

Kisha akanionyesha kwa mkono mahali pa kukaa, nikakaa. Hakunikemea kwa sauti. Aliongea polepole, kwa Kihaya, na maneno yenyewe ni haya:

"Waitu, wewe wetu, mwanangu, weka hiyo bunduki chini. Umenunua kitu cha kukuweka mbali na watu, halafu unakuja kwangu kuutafuta uso wangu. Mimi nitatazamwaje kutoka kwenye migomba? Hata akamwani yangu hukuimaliza. Jumamosi wanaiangusha nyumba hii, na sitaketi tena ndani yake wala kuota moto. Nenda ukatafute kitu kinachoweza kuingia nyumbani kwa mtu. Ukikikosa, njoo hivyo hivyo mikono mitupu, unisalimie vizuri."

Mwanangu, nililia kwenye basi kutoka Muleba hadi Bukoba. Sikulilia kamera. Nililia kwa sababu bibi mzee aliomba kitu kimoja, nami nilikuwa nimekinunulia lenzi ya kuonekana sokoni.

Alhamisi asubuhi nikaenda kwa Mzee Seif. Nikawakuta vijana wawili ninaowafahamu, wale wapiga picha wa Kaitaba, wameegemea kaunta. Nilitaka nisubiri waondoke. Lakini walikuwa hawana dalili ya kuondoka na mimi siku zilikuwa zinaniishia, nikasema mbele yao, "Mzee Seif, nilikosea. Naomba nikurudishie hii, unipe zile ndogo mbili." Mmoja akacheka. Mzee akaikagua lenzi kama ina mchubuko, akaona haina, akanibadilishia bila kunikumbusha neno hata moja nililomwambia. Kisha akafunga mlango wa studio, akazima taa, akanifundisha kupiga gizani. Aliniambia lenzi ya hamsini ina mdomo mpana, inakunywa hata mwanga kidogo. Alinibana viwiko mbavuni na kuniambia nitoe pumzi ndipo nibonyeze. Tulikaa humo mpaka adhuhuri, nikimpiga picha yeye na birika lake la kahawa.

Ijumaa nikarudi kwa Bibi. Nikabisha hodi mlangoni, nikapiga magoti, nikaketi juu ya nyasi kavu zilizotandikwa chini, kamera nimeiweka mapajani. Nikatafuna akamwani moja, ya pili, ya tatu. Bibi akauliza habari za kila mtu, nikamjibu moja baada ya nyingine. Nami nikamuuliza za kwake, na hapo akafunguka. Alinionyesha mahali alipozaliwa kila mtoto wake. Alipofika kwa yule wa nne, aliyezaliwa mumewe akiwa ameenda kuuza kahawa na jirani akazimia badala ya kumsaidia, alianza kucheka, na kamera alikuwa ameshaisahau. Nikainua. Mwanga wa mlangoni ulikuwa unaangukia upande mmoja wa uso wake na mkono ulioshika kikapu. Nikatoa pumzi, nikabonyeza mara nne. Baadaye nikafunga ile lenzi ya upana, nikiwa nimekaa pale pale, na nyumba yote ikaenea, nguzo, moto, vyungu, na yeye mwenyewe katikati yake.

Nikamwonyesha. Akaishika kamera kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho. Kisha akasema, "Kumbe mimi ni mzuri hivi, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniambia!" Akaita majirani. Alimwonyesha kila aliyekuja, na asiyekuja aliagiza aitwe.

Msonge ukaangushwa Jumamosi kama walivyopanga. Mzee Seif akaisafisha ile picha ya nyumba yote iwe kubwa, Bibi akaitundika sebuleni, na kwa miaka yote iliyobaki ya uhai wake mgeni alipelekwa mbele ya picha hiyo kabla ya kuonyeshwa kiti. Alipofariki, ndiyo iliyowekwa kando ya jeneza. Mtu mmoja mashuhuri akauliza imepigwa na nani. Baba yangu, ambaye hakuwahi kunisifu hata nilipofaulu mitihani, akasimama na kusema, "Ni binti yangu." Nimepiga harusi nyingi tangu hapo, nimezunguka toka Rubafu mpaka mwisho wa Muleba na kamera begani, na sijalipwa zaidi ya nilivyolipwa siku ile.

Haya, tuje kwenye kamera zako. Ile inayong'aa kama mpya iache, itakula fedha ya lenzi. Chukua ile ya pili, yenye bodi ndogo iliyochubuka, maana utaibeba kwenye pikipiki mchana kutwa na shingo ni yako. Muulize muuzaji imepiga picha ngapi, kwa sababu inachakaa ndani kama klachi ya pikipiki. Lenzi imulike na tochi ya simu. Huku kwetu ziwani kuna unyevu, ukiona ndani kuna ukungu wenye nyuzi kama utando wa buibui, mrudishie mwenyewe, hata akupunguzie bei. Nunua betri ya pili. Lenzi ziwe zile mbili nilizokwambia, ya upana na ya hamsini, basi. Ile ndefu nilikuja kuinunua baada ya miaka sita, kwa ajili ya ndege wa ziwani, na ninaipenda. Siku ukiwataka ndege, njoo uiazime.

Na ukishafika kwa watu, kamera iwe ya mwisho kutoka kwenye begi. Salimia. Kaa. Kula unachopewa. Lenzi ya kwanza mtu huichagua kwa kujiuliza atasimama umbali gani na watu, nami nakuomba uchague karibu. Kuhusu kujisikia, wala sikukatazi, utanidanganya tu na mimi mwenyewe sijaacha. Jisikie siku mtu atakapoitazama picha yako akapenda alivyo.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akuepushe na mvua ya ghafla na madereva wenye haraka, akupe mikono isiyotikisika, na kila mlango utakaobisha ufunguliwe na mtu mwenye hadithi ndefu. Mimi nimeshaanza kujivunia wewe, na hata picha moja hujapiga.