Jibu la Damu ya Masika

Nakumbuka siku binti yangu Masika aliponipigia simu kutoka Ubelgiji, akaniambia kwamba madaktari wamesoma damu yake, wameona badiliko la kurithi, lakini hawajui kama litamletea saratani ya titi au ni alama tu isiyo na madhara. "Mama," alisema, "banaona kitu, mais hapana jua maana yake."

Mzungu mmoja anayefanya naye kazi ya kutunza wazee alipimwa hospitali hiyohiyo. Yeye aliambiwa wazi: badiliko lako ni baya. Akapasuliwa mapema, leo yuko kazini. Masika alipouliza kwa nini yeye hana jibu, daktari hakumficha. Watu waliosomwa damu miaka yote ni Wazungu kwa wingi. Wa kwetu ni wachache mno, hakuna wa kumlinganisha naye. Mwanangu unayenisikiliza, dalili ya mvua ni mawingu. Wenzetu wakiyaona huambiwa wazibe paa. Sisi tunaambiwa tutajua tukilowa.

Kisha daktari akauliza: katika ukoo wenu, nani alikufa kwa titi? Masika aliponiletea swali hilo, nikakumbuka kijiji chetu, Mabalako.

Nilikuwa msichana. Huku kwetu, kabla mbuzi wa mahari hawajatoka, upande wa kijana humtuma mama mtu mzima. Huketi jikoni, husaidia kumenya mihogo, na polepole huuliza watu wa nyumba hii hufa kwa nini. Huyo alikuja kwa ajili ya dada yangu. Aliponiuliza habari za marehemu mama mdogo, nikamwambia nilichokiona: kidonda cha titi, kama cha mukaka, nyanya yetu. Mama mkubwa alinivuta nyuma ya nyumba.

"Nani alikutuma kusema? Unapenda badada zako bazeekee hapa na kuku?"

"Lakini ni kweli, mama mukubwa."

"Kweli hapana olesha mutu. Sema sumu. Sumu inatoka kwa jirani, titi inatoka kwetu."

Hakuwa mjinga. Alikuwa na mabinti wa kuoza, na alijua neno moja linavyoweza kurudisha mbuzi. Toka hapo tulizika wanawake wetu kwa jina la sumu, na jirani asiye na kosa alihama kwa kunyooshewa vidole. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Sisi tulifundisha hata kilio kusema uongo. Mama mkubwa mwenyewe alipokufa, titi likiwa limeoza, tulisimama kaburini tukasema sumu.

Nilimweleza Masika yote, nikidhani ukweli utafungua mlango. Daktari akajibu kwamba marehemu hawatoi damu. Je, yuko mgonjwa aliye hai? Kama naye ana badiliko lilelile, labda wataanza kuelewa. Labda.

Yuko. Ni Kanyere, binti wa mama mkubwa, mkulima wa Eringeti. Titi lake la kushoto limekuwa gumu tangu mavuno ya maharagwe. Kipimo chenyewe hakipo Butembo wala Beni, miji yetu mikubwa. Damu ingebidi ivuke mpaka, baada ya kupita barabara ya bunduki, ambapo waasi huwavizia wasafiri. Hata hivyo nikampigia simu. Huniita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, unachekesha! Mutoto wangu anaolewa. Unataka bakwe bageuze mbuzi katikati ya njia?"

"Na wewe mwenyewe, Kanyere?"

Alicheka. "Mimi? Mimi niko na sumu, yaya. Harusi ipite kwanza."

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Wataje wafu wako kwa ugonjwa uliowaua, hata mbuzi wakirudi walikotoka. Waambie binti zako wangali wadogo. Jipapase matiti yako, na ukikuta kitu kigumu usingoje sherehe yoyote, kwa maana huku mkono wako bado ndio kipimo. Siwezi kukuahidi kwamba ukisema kweli utajibiwa. Masika amesema kweli, na bado anangoja. Lakini usipoisema, hata anayetaka kutujua hatakuwa na pa kuanzia.

Mungu akuzeeshe na mwili wako mzima, uwabebe mgongoni watoto wa binti zako.

Harusi ya Eringeti imeshapita, na mbuzi walifika wote. Simu ya Kanyere inaita, lakini haipokelewi.