Kiungulia cha Fundi wa Suruali

Fundi wa suruali alikuwa na tabia moja iliyomkera mwenye duka miaka nenda miaka rudi: akishakula mchana, haketi. Alisimama kando ya meza ya kupasi, mkanda ameulegeza matundu mawili, futi ikining'inia shingoni, mkono umegandamia kifuani kama anayetafuta kalamu mfukoni. Mikono ile iliyokunja pindo bila rula ilikuwa haigusi kitambaa nusu saa nzima. "Fundi, miguu imeota mizizi?" mwenye duka alimtania, na mafundi wenzake wakaangua kicheko. Naye alicheka nao, akameza mate kwa taabu, akaketi na kuinamia cherehani. Alasiri yote alikohoa kikohozi kidogo kikavu. Hakuna aliyemuuliza.

Juzi hakuja kazini, mwenye duka akaenda kumjulia hali. Alikuta kitanda kimeinuliwa kwa matofali upande wa kichwani, na matofali yenyewe yameshachimba sakafu. "Ni kiungulia tu, dada," fundi alisema kwa aibu. "Nikiinama chakula hakijashuka, moto unapanda mpaka kooni. Daktari alinikataza kuinama nikishakula, tangu siku nyingi." Mwenye duka hakujua auweke wapi uso wake.

Jana walipomaliza kula, mwenye duka alimwahi: "Simama upumzike, fundi. Kazi haikimbii." Alipogeuka, fundi alikuwa ameshainamia cherehani, mkono mmoja kifuani.

"Nimeshazoea, dada."