Nusu Saa ya Bi Ghaniya

Saa kumi na mbili kasorobo jioni, Bi Ghaniya anadondosha unga wa kaimati kwenye karai huku jicho moja liko mlangoni. Baridi ya Disemba ya Jabal Akhdar, mlimani Oman, imeingia mpaka jikoni. Sebuleni, bibi wa miaka sabini na minane amekaa kitini, mikono mapajani, hafanyi kitu.

"Mtazame," anasema Bi Ghaniya. "Amekaa tu. Wala hana wasiwasi."

Anamwambia mwandishi kwa wivu, na hataki ufichwe. "Andika hivyo hivyo, mwanangu. Namwonea wivu mpaka kifua kinabana."

Bi Ghaniya ana miaka hamsini na minne. Alizaliwa Wete, Pemba, akaletwa Nizwa na wazazi wake akiwa na miaka saba. Siku hizi anakaa Birkat al Mauz, chini ya mlima. Mwaka wa kumi na moja huu anakaanga kaimati mia nne kwa siku katika nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na viwili, kwa riali mia tatu na arubaini kwa mwezi. Alfajiri gari la kazini humpandisha, usiku ukiingia humteremsha. Nyumbani humngoja mumewe Harub, wana watatu wa kiume na sinki lililojaa.

Anayeonewa wivu ni Bi Perla, Myahudi mzaliwa wa Fez, Moroko, anayeishi Paris. Amekuja na binti zake na wajukuu kwa siku nane za Hanuka, sikukuu yao ya majira ya baridi. Kiarabu chake cha Kimoroko Bi Ghaniya hukipata nusu. Nusu nyingine humalizwa kwa mikono.

Wivu ulianzia kwenye karai. Bi Perla aliomba pembe ya jiko akaange vitu vyake, kisha akatoa karai lake mwenyewe sandukuni.

"Moyo uliniuma," anasema. "Kwani langu lina uchafu gani?"

Binti wa mgeni akamfahamisha kwamba dini yao ina masharti ya vyombo, kama Waislamu wanavyochagua nyama. Akatulia, lakini kidogo tu, maana jioni hiyo hiyo maandazi ya tundu ya Bi Perla, sfenji, yaligombewa. "Kaimati zangu zimebaki sahanini zinanitazama."

Hadithi ya sikukuu yenyewe anaijua sasa kuliko wafanyakazi wenzake wote. Zamani mfalme aliwakataza Wayahudi ibada yao, wakapigana, wakalirudisha hekalu lao. Walipotaka kuwasha taa wakakuta kichupa cha mafuta ya kutosha siku moja. Yakawaka siku nane. Ndiyo maana wanakula vya kukaangwa, na ndiyo maana Bi Perla ana taa ya shaba yenye vikombe vinane dirishani. Usiku wa kwanza huwasha kimoja, wa pili viwili, mpaka vitimie. Cha tisa kiko juu peke yake, nacho ndicho cha kuwashia vingine.

"Hicho wanakiita mtumishi," anasema Bi Ghaniya. "Hata mtumishi wao amewekewa mahali pa juu. Mimi hapa hata kigoda sina."

Usiku wa tano alikuwa akipita na sinia, Bi Perla akamshika mkono.

"Kaa."

"Nina kazi, bibi."

"Taa zinawaka. Nusu saa hii mwanamke hafanyi kazi. Ndiyo desturi yetu."

"Mimi si Myahudi."

"Na miguu yako, nayo ina dini?"

Bi Ghaniya akakaa. Zilipita dakika tatu, msimamizi akaita, akainuka.

"Dakika tatu zile ndizo zilizoniharibu," anasema. "Nimefunga, nimesali, nimelea, sikujua kama kuna watu ambao kwao kupumzika kwa mwanamke ni sheria. Dini yao sitaki, yangu naipenda. Nusu saa ile ndiyo ninayoitaka."

Leo vikombe vyote vinane vinawaka. Kesho, Alkhamisi, wageni wanaondoka.

Ijumaa iliyofuata, siku yake ya mapumziko ambayo kwa kawaida ndiyo humchosha kuliko zote, mwandishi alimkuta kwake. Kabatini alikuwa ametoa kandili ya marehemu mama yake, aliyotoka nayo Pemba. Aliposali magharibi akaiwasha, akaiweka dirishani, akakaa. Wanawe wakatazamana.

"Chai iko wapi?" akauliza Harub.

"Taa inawaka."

"Mpaka lini?"

"Mpaka izime. Kila Ijumaa, In-sha-Allah."

Harub akenda jikoni mwenyewe, makabati yakasikika yakifunguliwa moja moja. Akachungulia mlangoni na birika mkononi.

"Umetia mafuta kiasi gani humo?"

"Ya siku moja," akasema Bi Ghaniya, akanyoosha miguu. "Naomba Mungu yawake nane."