Nyumba ya Sita Aliyoilipia Séraphin kwa Damu

Babu yake Séraphin Kankolongo aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, na siku alipopewa sepetu alipewa na nyumba: vyumba viwili kambini. Séraphin mwenyewe, miaka arobaini na moja, ni zamu, yaani mlinzi, wa kampuni inayoosha mawe ya mgodi. Alipewa kofia na filimbi. Nyumba atafute mwenyewe, katika Kolwezi hii ambako chumba kimoja kinameza mshahara wote na bado kinalamba midomo.

Alipanga kwa mzee mmoja, Tata Ngoyi, na kodi ilikuwa imechelewa. Mwenye nyumba wa kwetu hakuandikii barua ya kukufukuza. Anapandisha vijana juu ya paa, wanang'oa mabati, anakuacha ujadiliane na jua. Ijumaa ile asubuhi Séraphin aliamshwa na misumari ikimdondokea usoni.

— Tata Ngoyi! Batoto bangali bamelala!

— Sawa, baamke. Mbingu ni ya bure.

Séraphin akavuta ngazi. Kijana wa kwanza alianguka na bati lake, likampasua paja. Wa pili alishuka mwenyewe, na nyundo, akamgonga Séraphin mdomoni. Meno mawili. Myriam, mke wake, mtu mpole wa kwaya, alimmwagia Ngoyi sufuria ya maji yaliyokuwa yakichemkia bukari, ugali wa kwetu. Kelele za Ngoyi zilifika sokoni. Mabati yalikwenda hata hivyo.

Saa mbili Séraphin alikuwa kazini, kitambaa mdomoni, kwa sababu zamu akikosa siku moja, getini wako watu thelathini wenye meno kamili. Na siku hiyo ilikuwa kubwa: kampuni ilikuwa inatoa sadaka, nyumba sita mpya kwa maskini wa mji. Kampuni ileile. Ingewalipa mazamu wake mshahara wa kumtosha mtu kuishi, wangepanga vizuri wenyewe; lakini nani anapiga picha na mshahara?

Orodha ya maskini ilikuwa mikononi mwa Mama Laurentine wa kamati ya sadaka. Séraphin akamfuata.

— Mama, mi naomba nyumba moja. Bameng'oa mabati yetu leo.

— Pole, tata. Lakini weye uko na kazi.

— Niko na kazi, siko na nyumba.

— Orodha ni ya bale habana kazi. Siku ukipoteza kazi, uje.

Alisema kwa huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyouma.

Saa nne watu walikuwa mia tatu kwa nyumba sita. Kamba iliyowazuia ikakatika. Stany, mkuu wa walinzi, akapiga kelele: — Piga! Séraphin akapiga kama alivyofundishwa, magoti kwanza, halafu mikono, bila kuangalia nyuso, maana ukiangalia nyuso fimbo inakuwa nzito. Jiwe lilimchana sikio, akazidisha. Mkono wa mtu ukavunjika chini ya fimbo yake, na kilio kilichofuata alikijua. Myriam. Alikuwa ameacha watoto kwa jirani, akaja na godoro kichwani kujiandikisha.

Alimpiga Stany fimbo katikati ya uso, akamvuta mke wake kwa mkono mzima, wakaingia nyumba ya sita na kufunga mlango.

— Séraphin, toka! alilia René, mlinzi mwenzake. Ndugu yangu, usitupatie matatizo!

— Mi sitoki! Ingia kama uko mwanaume!

René naye anapanga. Wote wanapanga. Walivunja mlango, wakampiga vizuri sana, kama watu wenye kodi ya kulipa. Damu iliruka hadi kwenye rangi mpya ya ukuta. Akaburutwa nje kwa miguu, na jioni alifukuzwa kazi akiwa bado hajakumbuka jina lake.

Hapo ndipo walipokosea. Kwetu, nyumba mpya inafunguliwa kwa moto wa jikoni. Ikifunguliwa kwa damu ya mtu, nani atalala humo? Mama Adèle, mjane aliyepewa nyumba hiyo, alichungulia ukuta, akarudisha ufunguo: — Mi ni maskini, lakini sina haraka ya kufa. Watu wanane waliofuata kwenye orodha wakakimbia vilevile. Nyumba tupu ni aibu kwa kamati, basi Mama Laurentine akaenda na ufunguo hospitali, alikolazwa Séraphin.

— Tata, sasa hauna kazi, naweza kukuandika. Ile damu hauiogopi?

— Ni yangu, mama. Itanifanya nini?

Wanakaa humo. Mkono wa Myriam ulipona umepinda, na wiki sita hakumsemesha mumewe. Séraphin amepata kazi Kingamyambo, kupakia mabaki ya zamani ya mgodi. Kamati ikijua, inamtoa. Kwa hiyo anatoka kama mtu wa kwenda kusali, Biblia kwapani, nguo za kazi ndani ya mfuko wa unga.

Jumatatu jirani yake wa nyumba ya tano, Rémy, alimsimamisha njiani.

— Tata, ni kanisa gani hili linalochafua buti kila siku?

Séraphin alimkaba koo mpaka macho yakamtoka, akambana hivyo hadi miguu ikalegea, ndipo akamwachia. Rémy alikaa chini vumbini, akakohoa, akatema mate, akapata sauti kidogo.

— Tata, pole... Mi nilitaka kuuliza tu. Huko kwenu banaandika watu kazi? Niko na Biblia.