Panya Walioonekana Wazima

Mume wangu alikuwa fundi ujenzi, na alikuwa mtu wa maneno mengi. Nikirudi nyumbani Tegeta alikuwa hanipi hata nafasi ya kunywa maji. Ananihadithia nani kazozana na nani kule saiti, na sauti za watu wote anaziiga yeye. Jioni moja pikipiki ilimgonga akivuka Barabara ya Bagamoyo. Alizimia, akazindukia hospitali, picha ya kichwa ikatoka safi. Tukarudi nyumbani tukimshukuru Mungu.

Lakini aliyerudi alikuwa mkimya. Redio ilimuumiza kichwa. Akienda dukani kununua chumvi, anarudi mikono mitupu, kasahau alichofuata. Nilikuwa nakaa naye sebuleni, yupo mbele yangu, na bado nimemkumbuka.

Mie nafanya kazi maabara. Wakati ule tulikuwa tunapima damu ya panya waliogongwa kichwani kwa mashine, wakiwa wamelazwa kwa dawa ya usingizi. Ubongo ukiumia, protini zake huvuja zikaingia kwenye damu. Tulikuwa tunachuja damu ile, tunatia maji yake na dawa kwenye visahani vyenye vishimo. Penye protini nyingi, rangi ya njano inakolea. Panya wale walikula, walikimbia, ungeapa ni wazima. Lakini vishimo vyao bado vilikolea.

Nikamwomba daktari anayetuongoza nimpime mume wangu. Hakunicheka. Alinivutia kiti.

"Dada, kipimo hiki tumekipanga kwa panya," akasema. "Hata rangi ikikolea, haitakwambia mumeo atarudi lini kuwa yule wa zamani."

Akanielekeza kwa mwenzake wa mishipa ya fahamu, nikawa nampeleka mume wangu kliniki.

Siku moja tulipotoka huko alitaka kuona ninapofanyia kazi. Alisimama nyuma ya kioo, akamtazama panya mmoja akijisafisha uso kwa mikono yake midogo. Akauliza kama naye aligongwa. Nikamwambia ndiyo.

"Anajua kama amebadilika?"

Nilimjibu kwamba hilo damu haisemi.

"Mie najua," akasema. "Nakuonaga unavyonisubiri."

Nilimshika mkono tukatoka nje.

Daktari wa kliniki alishauri akae penye utulivu, kwa hiyo siku hizi anaishi Pugu kwa dada yake, karibu na msitu. Analima mchicha. Kichwa kimetulia, na akitumwa hasahau sana. Nami nabaki Tegeta kwa ajili ya kazi, namfuata kila Jumamosi. Ananipokea vizuri, ananimenyea chungwa, anauliza habari za safari.

Jumamosi iliyopita alianza kumwiga jirani yake anavyofukuza kuku. Nikaacha kutafuna. Katikati sauti ikampotea, akatabasamu kwa aibu, akashika tena jembe. Nilikaa pale kivulini nikimtazama mgongo, nikitamani amalizie.